Mashine Niliyoipima Kwenye Baridi

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya kompyuta ya mezani inayofuka moshi. Umeme ulikuwa umerudi kwa kishindo, kama kawaida yake, ukaondoka na mashine pamoja na riziki yangu. Na Ida, mke wangu, alikuwa ameshapanda gari la kwenda kwao Liuli, kule chini ziwani, bila kuniaga.

Kwa aliyechelewa, nieleze kwa kifupi. Mimi ni Nicholaus, wa Mbinga mjini, mpiga video za harusi, vipaimara na misiba. Nilipiga harusi ya Eunice, mdogo wake Ida, nikaahidi video itakuwa tayari kabla maharusi hawajazoeana. Miezi ikapita. Mashine ikawa inakwama, mimi nikawa natoa sababu. Katikati ya sababu zangu bibi yao, Bibi Edina, aliyecheza kioda, ngoma ya kina mama wa ziwani, kwenye harusi ile mpaka kwaya ikasahau kuimba, akafariki.

Hapo ukweni wakabadilika. Harusi hawakuitaja tena. Walitaka kumwona bibi.

Baba mkwe, Mzee Nazari, akanipigia simu mwenyewe. Huyu mzee hapotezi maneno.

"Jumapili baada ya ibada ukoo unakaa," alisema. "Ukija na video, utaondoka na mkeo. Ukija na maneno, utaondoka nayo."

Akakata simu. Sikupata hata nafasi ya kusema shikamoo.

Msomaji wangu, sikuwa na kompyuta. Nilichobaki nacho ni kadi za kamera, nilizokuwa nimezificha ndani ya soksi kabatini. Harusi nzima ilikuwa mle, na ndoa yangu pia.

Ndipo akajitokeza Placidi.

Placidi ni binamu yangu, anafanya kazi kwa mkandarasi mmoja kule Ngaka kwenye makaa ya mawe. Ofisi yao ilikuwa imebadilisha vifaa, na yeye akapata mashine moja ya zamani kidogo. Tukakutana Kitai, barabarani, akaishusha kutoka kwenye lori kwa mikono miwili.

"Hii ni kompyuta mpakato?" nilimuuliza.

"Mpakato inayofanya kazi ya mezani. Walikuwa wanachorea ramani."

"Mbona nzito hivi?"

"Ukitaka nyepesi, kachukue simu."

"Na hili tofali?"

"Chaja."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu Ida aondoke.

"Nicho, ijaribu kwanza," Placidi akasema. "Ukiridhika, utaniambia, tutaongea. Ila usiifungue mgongo. Nilivyokupa ndivyo utakavyonirudishia, mpaka siku utakaposema inafaa."

Nikairudisha Mbinga nikiwa nimeipakata kwenye gari kama mgonjwa.

Sasa mimi nina ugonjwa wangu mmoja. Mtu akinipa mashine niipime, nasahau njaa, nasahau deni, nasahau hata kama mke kaondoka. Napima kila kitu na nasema ukweli wake, tamu kwa chungu. Kwa hiyo naomba nitoe haki ya mashine ile kabla sijaeleza ilivyonifanya.

Kioo chake kilikuwa kikubwa, cheusi kikiwa kimezimwa, na kikiwashwa unaona hadi jasho kwenye pua ya bwana harusi. Rangi zilikuwa za kweli. Shela nyeupe ilibaki nyeupe, haikugeuka ya bluu kama kwenye kile kioo changu cha zamani.

Kibodi ilikuwa pana, ina namba zake pembeni kama ya mezani, na vitufe vyake vilibonyea vizuri. Matundu ya kuchomekea vifaa yalikuwa mengi kuliko vifaa nilivyonavyo. Spika zilikuwa na sauti ya kutosha kugombanisha majirani.

Na kasi! Nilifungua picha za kamera zote kwa pamoja, nikaweka muziki, nikaweka maandishi ya majina ya maharusi yanayozunguka, nikaingiza na maua. Ile ya zamani ungeiwekea maua tu ingekata roho. Hii haikustuka. Niliyoyafanya kwa wiki nzima zamani, niliyafanya asubuhi moja na chai haijapoa.

Ubaya wake nao niuseme. Betri yake haimalizi mahubiri ya paroko wetu, kwa hiyo bila umeme ni sinia tu. Uzito wake si wa kutembea nao. Na hilo jina la mpakato ni dhihaka, kwa sababu ukiipakata ikiwa kazini mapaja yanaungua. Inavuta hewa tumboni na kuitoa mgongoni, na hewa inayotoka ni ya moto kama pumzi ya jiko. Feni zake zikichanganya zinanguruma kama mashine ya kusaga iliyoko mtaa wa pili.

Lakini mezani, pale dirishani kwangu, ukungu ukiwa umekaa kwenye kioo na mimi nimevaa koti, mashine ilikuwa inafanya kazi imepoa kabisa. Niliigusa mgongo nikaona ya kawaida. Nikajisemea hii imetengenezwa kwa watu wa kazi.

Methodi akaja kugonga mlango. Methodi ndiye mwenye kamera na kadi, mimi hukodi kwake.

"Kadi zangu, Nicho. Nina kipaimara."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Askofu hasubiri Jumatatu yako."

Nikatazama mashine. Ilikuwa na nafasi ya kumeza harusi zote za wilaya. Nilikuwa nimeshahamishia kila kitu mle, nimehakikisha, nimerudia kuhakikisha. Nakala ya pili ningeiweka wapi? Ile ya zamani nilikuwa naweka juu yake kikombe cha chai.

Nikamrudishia Methodi kadi zake. Akazifuta palepale, mlangoni kwangu, huku akinisimulia habari za mwanawe.

Kisha nikampigia Placidi.

"Vipi?" akauliza.

"Inafaa," nikasema.

Kumbe nilikuwa nimeipima mashine kwenye baridi.

Jumamosi nikashuka ziwani. Tulipopita Tingi nikavua koti. Tulipofika chini nikafungua vifungo vya shati, na nilipofika Liuli nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Oktoba ya ziwani si ya kuchezea. Watu wenyewe walikuwa wamekaa kimya vivulini, usipa, dagaa wa huko, umeanikwa vichanjani unanuka, hata kuku wamefungua midomo.

Sikulifikiria hilo kwa upande wa mashine. Nililifikiria kwa upande wangu, nikaomba maji.

Mzee Nazari alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kahawa za huko juu kana kwamba mimi nina hata mche mmoja.

"Umekuja na nini?" hatimaye akauliza.

"Nimekuja na video, baba."

"Tutaiona kesho."

Ida alitoka ndani na kikombe. Sikujua niweke wapi macho.

"Umekonda," akasema.

"Napika mwenyewe."

"Unapika?"

"Nachemsha."

Akajizuia kucheka, lakini nilimwona. Alipoinama kuchukua kikombe alisema kwa sauti ya chini, "Kesho ikienda vizuri, mimi begi nimeshafunga." Akaondoka haraka, akaniacha nimekaa pale kama kijana anayeposa.

Hapa lazima nieleze jambo la ukweni. Mimi na mama mkwe hatutazamani, hatupeani mikono, hatuzungumzi. Nikiingia huku yeye anatokea kule. Nikitaka kupita mahali alipo nakohoa ili ajue, anipishe. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao mpaka kwenye picha, lakini si katika nyumba ya Mzee Nazari. Tangu nimuoe Ida, mama mkwe nimemjua kwa mgongo wake, kitenge chake na upishi wake. Hata kwenye harusi ya Eunice nilimpiga picha kwa mbali, nikiwa nimeinamisha kamera kidogo kwa adabu.

Jioni ile niliwaonyesha Ida na Eunice kipande cha bibi. Nilikuwa nimekifanya kifupi, nimekitia muziki wa kisasa, bibi anageuka mara mbili, anatabasamu, anapotea. Nilijiona fundi.

Eunice alitazama akifuta macho. Kisha akakimbilia jikoni kwa mama yake. Aliporudi alikuwa amebeba ujumbe.

"Shemeji, mama anauliza, kwa nini umemkata bibi?"

"Sijamkata, ni mtindo."

"Anasema anamtaka tangu anainuka kwenye kiti mpaka anakaa. Na muziki wako hautaki. Anataka asikie sauti ya mama yake."

Ujumbe huo ungeweza kuniudhi. Mimi nikikosolewa kazi yangu huwa nawaka. Lakini nilipofikiri kwamba yule mama, ambaye hajawahi kuniomba hata chumvi, sasa ananiomba kitu, nilijisikia vizuri.

"Mwambie ataipata yote," nikasema.

Jumapili asubuhi nikaamka na kuipanga upya. Nikamrudisha bibi mzima, kuanzia mkono wake unaposukuma kiti, mpaka anapokaa akicheka na kuomba maji. Nikautoa muziki wangu. Sauti yake ikabaki peke yake, na vigelegele vya kina mama nyuma yake.

Kengele ya ibada ikalia. Wote wakaenda kanisani, Mzee Nazari mbele na fimbo, Ida na Eunice nyuma. Mimi Mkatoliki nilibaki na mashine, na mama mkwe akabaki jikoni akiupikia ukoo.

Kazi iliyokuwa imebaki ni moja tu, kuiamuru mashine iitoe video nzima iwe kitu kimoja kinachochezeka. Hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote, na mashine ikiifanya inatumia nguvu zake zote. Nikaiweka sebuleni, juu ya meza yenye soketi, pembeni ya simu ya Ida iliyokuwa kwenye chaji. Nikaiamuru. Feni zikaanza kunguruma na asilimia zikaanza kupanda.

Kutoka jikoni nikasikia kikohozi kidogo cha kike. Nikaelewa. Mama mkwe alitaka sebule afagie na kutandika mikeka kabla wageni hawajaja. Nikatoka nje haraka, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta.

Kabla hawajatoka kwenda kanisani nilikuwa nimewaambia wote, kwa ukali wangu wa fundi, "Mashine isiguswe." Waliitikia. Eunice akaupeleka ujumbe jikoni.

Nilisema isiguswe. Sikusema isifunikwe.

Niambieni, ni nyumba gani huku kwetu ambayo redio haina kitambaa? Televisheni ina kitambaa, kochi lina kitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ina kitambaa chake. Nyumbani kwangu vilijaa, vyote vya mkono wa Ida. Alipoondoka aliondoka navyo. Kwa hiyo mashine nilikuwa nimeipima uchi, na wala haikunijia akilini.

Baada ya muda nikainuka kwenda kuchungulia asilimia dirishani.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya meza. Alishaweka mikeka, alishafagia, na sasa alikuwa ameshika kitambaa cheupe kilichodariziwa ndege wekundu. Nilikijua kitambaa kile kwa kusikia. Ida aliniambia mama yake hukitoa akija askofu wao tu, na kikishatumika hufuliwa na kurudi sandukuni. Akakikunjua taratibu. Akapuliza vumbi juu ya mashine. Akaifunika yote, mbele na nyuma, kisha akapenyeza ncha za kitambaa chini yake ili nzi wasiingie.

Halafu akaweka kiganja juu ya kitambaa, kwa upole.

"Mama," akasema, "watakuja sasa hivi."

Yule mama hakuwa anafunika kompyuta.

Na chini ya kitambaa feni zilikuwa zimebadilika sauti. Hazikunguruma tena, zilikuwa zinalia.

Nikakohoa.

Mama mkwe akasikia. Na kwa kuwa ni mtu wa adabu, akafanya kile ambacho hufanywa mkwe akikohoa nje. Akajisogeza ndani zaidi, akageukia ukuta, akajitanda kitenge. Nikakohoa tena, kwa nguvu. Akajikunyata zaidi palepale ukutani, karibu na mashine. Nadhani aliniona mkwe asiye na haya, nakohoa wakati nimeshapishwa.

Nikatoa simu nikampigia Ida. Simu ya Ida ikalia palepale mezani. Mama mkwe akageuza shingo, akaona picha yangu kwenye kioo cha simu. Akanyoosha mkono akailaza kifudifudi, kama mtu anayemfunika mtu aliyekutwa anaoga.

Ningeweza kupaza sauti dirishani. Ningeweza kuingia. Mlango ulikuwa wazi, ni hatua chache tu, nakivuta kitambaa, natoka, basi. Ningeonekana nimerukwa na akili, wangenitoza kuku wa fidia, maisha yangeendelea.

Hili ndilo ninaloungama leo. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa hasara. Nilisimama pale dirishani, mtu mzima mwenye mke, nikashindwa kumwambia mama mtu mzima neno moja, kwa sababu sikuwahi kumwita kwa mdomo wangu.

Nikakimbia kanisani.

Mhubiri alikuwa katikati ya neno. Nikazunguka upande wanaokaa kina mama, nikachungulia dirishani na kifua wazi, nikamwona Ida.

"Psss! Ida!"

Safu nzima ikageuka. Nyuma yao nikaona fimbo ya Mzee Nazari, na juu ya fimbo, macho yake.

Ida akatoka nje kwa hasira. "Nicho, una wazimu? Mbele ya baba?"

"Mama ameifunika."

"Ameifunika nini?"

"Mashine. Na kile kitambaa cha askofu. Mimi siwezi kuingia."

Hakuuliza tena. Akavua viatu akakimbia, nami nyuma yake. Wanawake wawili waliokuwa wanageuza usipa vichanjani wakatuangalia wakacheka. Walidhani tumegombana.

Aliingia peke yake. Mimi nikabaki nje kama nilivyozoea. Nikasubiri kusikia feni. Sikusikia kitu.

Ida akatoka. Alikuwa amekibana kitambaa chini ya khanga, na uso wake nilikuwa sijawahi kuuona vile, hata siku aliyoniacha.

"Imezima," akasema. "Kitambaa kilikuwa cha moto."

"Mama amekuuliza?"

"Nimemwambia nakitoa kisichafuke. Amerudi jikoni." Akanishika mkono. "Nicho, asijue. Nakuomba. Tangu bibi afariki hajalala vizuri hata siku moja. Leo asubuhi ameimba wakati anafua. Asijue."

Nikaingia. Mashine ilikuwa ya moto kiasi cha kutogusika, na harufu yake niliitambua mara moja, kwa sababu kule Mbinga niliivuta siku chache tu nyuma. Nikaitoa chaja. Nikaisogeza dirishani upepo wa ziwa uipige. Mashine nyingi zikipata joto hujizima zenyewe, zikipoa zinawaka, na nikajishikiza hapo. Nikasubiri ipoe. Nikabonyeza. Nikabonyeza na kushikilia. Nikachomeka chaja, nikachomoa, nikabonyeza nikisali sala za Kikatoliki kwenye nyumba ya Waanglikana.

Hakuna hata taa.

Huenda bibi alikuwa bado mzima mle ndani. Huenda alikuwa ameungua. Bila kuifungua mgongo hakuna binadamu ambaye angejua, na mimi sikuwa na bisibisi yake.

Nyimbo za kutoka kanisani zikaisha. Nikasikia watu wanakuja.

Walikuja wote. Shangazi, wajomba, watoto waliopigwa pasi, wazee wawili waliotoka kijiji cha pili. Eunice na mumewe wakakalishwa mbele kwenye mkeka kama siku ya harusi. Sebule ikajaa, wengine wakasimama ukumbini. Wote wakatazama kioo cheusi.

Mzee Nazari akaketi. Akaweka fimbo magotini.

"Haya," akasema. "Tuonyeshe."

"Baba, mashine imekufa."

Watoto wakasogea mbele wamwone marehemu.

"Imekufa lini?"

"Sasa hivi, wakati mko kwenye ibada."

"Ndiyo maana ukaja kutuchungulia kama mwizi."

"Ndiyo, baba."

"Imekufaje?"

Nikamtazama Ida. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono imekumbatia kifua, na ndani ya khanga kile kitambaa bado kimo. Kwa neno moja tu ningejiokoa. Ningesema sikuwa mimi, na ukoo mzima ungeelewa, na Mzee Nazari asingekuwa na la kusema.

"Imezidiwa na joto," nikasema. "Niliipima vibaya. Niliipima Mbinga kwenye baridi, sikufikiria huku."

"Nani aliyesema inafaa?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na zile kadi?"

"Zimefutwa."

"Nani aliruhusu zifutwe?"

"Mimi, baba."

Mjomba mmoja akacheka puani. Eunice akaweka uso begani kwa mumewe akaanza kulia, na kilio chake kiliniuma kuliko kicheko cha mjomba. Alikuwa ameahidiwa harusi yake mara mbili, na mara zote mbili imeishia mikononi mwangu.

Mzee Nazari akaishusha fimbo sakafuni. Alipoanza tena, hakuwa na ukali. Ukali ningeuvumilia.

"Nicholaus, wewe unapima mashine. Mimi nina watoto wa kike, napima wanaume. Uliposema video kesho, nilisubiri. Uliposema wiki ijayo, nilisubiri. Mama mkwe wangu amezikwa nikiwa nasubiri. Leo nimewaita watu hawa, na umewaonyesha kioo cheusi. Sisemi wewe ni mtu mbaya. Nasema wewe ni mtu ambaye kitu cha thamani kikikaa mikononi mwake hakidumu."

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maneno yale ilinihusu, kitambaa au bila kitambaa. Mlango ulikuwa wazi na sikuingia.

"Ida atabaki hapa," akasema. "Ukitaka..."

"Baba," Ida akakatiza.

"Nyamaza, mwanangu."

Ida akanitazama mimi, akautazama mlango wa jikoni, akanitazama tena. Nikatikisa kichwa kidogo sana, asiseme. Machozi yakamtoka lakini mikono yake haikuachia khanga. Tulikuwa tunaachanishwa pale mbele za watu, na sisi wawili tulikuwa tumekubaliana kuliko siku yoyote ya ndoa yetu.

Ndipo watu waliosimama ukumbini wakaanza kupisha.

Mama mkwe alikuwa anatokea jikoni. Alikuwa na unga mikononi. Nikainuka kwa mazoea, nikageuza uso, nikatafuta pa kutokea. Shangazi mmoja akamshika, "Wifi, mkweo yuko hapa." Akautoa ule mkono taratibu na kuendelea kuja.

Akapita katikati ya mkeka, mbele ya wazee, mbele ya mumewe. Akasimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia anavyohema. Hata Eunice akaacha kulia.

"Baba," akaniita.

Sauti yake niliijua kwa kusikia nyuma ya kuta. Haikuwahi kunielekea mimi.

"Baba, nitazame."

Nikainua macho. Alikuwa na uso wa Ida, uliozeeka, na macho mekundu ya mtu aliyesimama jikoni akisikiliza.

"Ida alisema anakitoa kitambaa changu kisichafuke; nimemuuliza amekiweka wapi, hanijibu. Sasa hivi nikipita nimeigusa mashine, bado ina joto." Akakitazama kioo cheusi. "Ulikohoa sana leo. Nikasema moyoni, huyu mkwe ana nini leo, mbona anakohoa hivi? Sikujua kama ulikuwa unaniita."

"Mama..." Ida akaanza.

"Simuulizi Ida. Watoto wangu watanificha kwa kunipenda. Wewe hujanizoea, wewe utaniambia." Akanishika mkono kwa mkono wake wenye unga, mbele za watu wote. "Ni mimi niliyemzima mama yangu?"